Texas haina kodi ya mshahara: hesabu kwa wanaoiangalia wakiwa Dodoma

Hapa Dodoma ukitaja jimbo, mtu anafikiria mbunge. Marekani jimbo ni serikali kamili: lina gavana, bunge lake na mahakama zake, na ndilo linaloamua kama litatoza kodi ya mapato au la. Kwetu kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Mwalimu wa Kondoa, karani wa Mtumba na dereva wa Manyoni wanakatwa kwa jedwali moja, na hakuna mkuu wa mkoa anayeweza kuongeza wala kupunguza senti. Ndiyo maana mtu akisikia kwamba Texas au Florida haina kodi ya mapato, anaelewa kuwa huko mshahara unaingia mzima. Hauingii mzima.

Chukua mtu asiye na mwenza wala mtoto, analipwa dola 60,000 kwa mwaka mjini Houston, kwa viwango vya 2024. Serikali ya shirikisho inamtengea kwanza dola 14,600 zisizotozwa kodi, zinabaki 45,400. Katika hizo, 11,600 za mwanzo zinatozwa asilimia 10, yaani 1,160. Zilizobaki, 33,800, zinatozwa asilimia 12, yaani 4,056. Jumla 5,216. Halafu kuna mfuko wa uzeeni wa Social Security, asilimia 6.2, na bima ya Medicare, asilimia 1.45. Hizi mbili hazijui msamaha, zinakatwa kuanzia dola ya kwanza: 4,590. Kabla Texas haijafungua mdomo, dola 9,806 zimeshakwenda.

Texas haiongezi kitu hapo, na sifa yake yote ni hiyo. Mtu huyohuyo angekuwa Chicago, jimbo la Illinois lingemkata asilimia 4.95 baada ya kuondoa msamaha mdogo, kama dola 2,830 kwa mwaka. Gawanya kwa 12: takriban dola 236 kwa mwezi. Ukiona mtu anasifia majimbo haya, kiasi anachokizungumzia ni hicho.

Weka kando yake hati ya mshahara ya hapa. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa shilingi 1,500,000 anakatwa asilimia 5 ya mfuko wa pensheni wa PSSSF, shilingi 75,000, na mchango huo unaondolewa kabla ya kukokotoa kodi. Inabaki 1,425,000. Shilingi milioni moja ya kwanza inazaa PAYE, yaani kodi ya mshahara, ya 128,000, kwa sababu 270,000 za mwanzo hazitozwi na zinazofuata zinapanda ngazi kwa asilimia 8, 20 na 25. Zile 425,000 za juu zinatozwa asilimia 30, yaani 127,500. PAYE yote ni 255,500, mkononi inabaki 1,169,500 kabla ya mkopo wa elimu ya juu na mengine. Ngazi moja, mkataji mmoja, basi. Marekani ngazi ni mbili, na mahali pengine tatu, maana kuna miji nayo inayotoza mishahara. Jimbo lisilo na kodi limeondoa ngazi ya katikati tu.

Majimbo yenyewe ni Alaska, Florida, Nevada, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington, Wyoming na New Hampshire. Tennessee ilikuwa ikitoza riba na gawio hadi ikaacha mwaka 2021, New Hampshire ikafuata mwanzoni mwa 2025. Washington haigusi mshahara, lakini tangu 2022 inatoza faida kubwa za mauzo ya hisa na mali za aina hiyo. Alaska ilifuta kodi yake mwaka 1980 baada ya mafuta kuanza kulipa, na mpaka leo inawagawia wakazi gawio la mwaka. La 2024 lilikuwa dola 1,702 kwa kichwa. Texas imefika mbali zaidi: mwaka 2019 wapiga kura waliingiza marufuku ya kodi ya mapato ya mtu binafsi kwenye katiba ya jimbo.

Swali la mhasibu ni moja: shule, barabara na polisi vinalipwa na nani? Alaska na Wyoming wanachimba. Nevada ina kamari, Florida ina watalii wanaolipa kodi ya mauzo na kurudi kwao. Texas ina mafuta pia, lakini mzigo mkubwa umebebwa na duka na nyumba.

Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kulielewa hili. Mwaka 2003 kodi ya kichwa ilifutwa na kila mtu akashangilia. Halmashauri hazikuacha kuhitaji fedha. Ziliegemea ruzuku ya Serikali Kuu, ushuru wa huduma, leseni na ushuru wa mazao. Anayepitisha zabibu kwenye kizuizi anajua fedha zilikohamia.

Tuanze na duka. Texas inatoza kodi ya mauzo asilimia 6.25, na mji au wilaya inaweza kuongeza hadi 2, kwa hiyo Houston ni 8.25. Huku kwetu bei iliyobandikwa rafuni tayari ina VAT ndani. Kule bei ya rafuni ni tupu. Fulana imeandikwa dola 20, unafika kwa keshia anakuambia 21.65. Mgeni anayehesabu noti zake rafuni anaaibika kaunta. Mchele, unga, maziwa, mayai na nyama mbichi havitozwi, wala dawa za kuandikiwa na daktari. Soda, peremende na chakula cha mgahawani vinatozwa. Anayepika nyumbani analipa kidogo kuliko anayekula nje kila siku, na tofauti hiyo kwa mwaka si ya kupuuza. Tennessee ni kali zaidi: jimbo peke yake linatoza asilimia 7 na maeneo yanaongeza juu yake. New Hampshire haina kodi ya mauzo ya jumla, lakini kodi yake ya majengo inauma.

Gari nalo lina mlango wake. Texas inatoza asilimia 6.25 ya bei ukilinunua humo. Ukihamia na gari ulilokwisha kulisajili kwa jina lako jimbo jingine, unalipa dola 90 za mkazi mpya, na una siku 30 za kulisajili. Leseni ya udereva una siku 90. Hapa kuna mtego unaowapata wasio raia: kwenye dawati la leseni utaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Kama wewe si raia wa Marekani jibu ni hapana, hata kama karani ana haraka na fomu ni ndefu. Alama moja ya vema pale inaweza kuharibu maombi ya ukaazi miaka kumi baadaye.

Sasa nyumba, ambako ndiko hesabu inakowageuka watu.

Lugha yetu yenyewe inachanganya: kodi ya nyumba ni pango, kodi ya jengo ni ya serikali. Dodoma kodi ya jengo la kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, inakatwa 1,500 kila mwezi kupitia LUKU. Mpangaji ndiye anayenunua umeme, kwa hiyo ndiye anayemlipia mwenye nyumba mpaka wakubaliane kuikata kwenye pango. Texas mpangaji haoni makato yoyote ya aina hiyo, ila mwenye nyumba ameshayaingiza kwenye pango zamani. Aliyepanga chumba Houston akisema hajawahi kulipa kodi ya majengo, anailipa bila kupewa risiti.

Mwenye nyumba anaiona yote. Texas haina kiwango kimoja. Wilaya ya shule, kaunti, mji, hospitali ya umma na chuo cha eneo kila kimoja kina chake, vinajumlishwa. Tuseme nyumba ina thamani ya dola 300,000, shule inatoza senti 90 kwa kila dola 100, na wengine wote kwa pamoja dola 1. Mwenye nyumba anayeishi humo anapata msamaha wa makazi: tangu 2025 dola 140,000 za thamani hazihesabiwi upande wa shule. Kwa hiyo shule ni 160,000 mara asilimia 0.9, yaani 1,440. Wengine ni 3,000. Jumla 4,440 kwa mwaka, dola 370 kwa mwezi. Zile 236 za Chicago zimeshapitwa, ingawa kwa haki niseme Illinois nayo ina kodi nzito ya majengo, hivyo dhidi ya Illinois Texas bado inashinda. Dhidi ya jimbo lenye kodi ndogo ya mapato na ndogo ya majengo, haishindi.

Msamaha huo hauji wenyewe. Unajaza fomu namba 50-114 kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti, mwisho 30 Aprili, na anwani kwenye leseni yako lazima iwe ya nyumba hiyohiyo. Watu wengi wananyimwa kwa sababu leseni bado ina anwani ya ghorofa walilopanga mwanzo. Fomu haina ada. Mara tu baada ya kununua utapokea barua zenye nembo za kutisha zikidai dola kadhaa "kukuandikisha". Hizo ni za wafanyabiashara, tupa. Msamaha ukishakubaliwa, kuanzia mwaka unaofuata thamani inayotozwa haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata soko likiruka.

Nyumba mpya ndiyo yenye mtego mkubwa. Uthamini unaangalia hali ya 1 Januari. Kama siku hiyo palikuwa na kiwanja kitupu cha dola 60,000, bili ya mwaka wa kwanza inahesabiwa juu ya kiwanja: kwa viwango vyetu vya mfano, dola 1,140. Benki iliyokukopesha inakusanya kodi hiyo kila mwezi pamoja na rejesho, dola 95. Mwaka wa pili mthamini anaikuta nyumba nzima na bili inakuwa 4,440. Benki inailipa, kisha inagundua imekusanya 1,140 tu. Pengo la 3,300 inalisambaza miezi 12, dola 275, na juu yake inaweka kodi mpya ya 370. Ile 95 imekuwa 645. Hakuna aliyekudanganya, riba haijabadilika, na bado rejesho limepanda dola 550 kwa mkupuo. Dawa ni kuiomba benki, siku ya kusaini, ikusanye kwa thamani ya nyumba iliyokamilika. Ikikataa, tenga mwenyewe tofauti hiyo kila mwezi kwenye akaunti ya pembeni.

Vitongoji vipya vya pembezoni mwa Houston vina nyongeza nyingine: wilaya za huduma za maji zinazokopa kujenga mabomba na mitaro, kisha zinawatoza wenye nyumba mpaka deni liishe. Muulize dalali kiwango cha jumla kwa dola 100 kabla ya kuipenda nyumba. Akikujibu "kama asilimia mbili hivi", mwambie akupe karatasi.

Barua ya thamani ikija na namba unayoona ni ya juu, una haki ya kupinga hadi 15 Mei, au siku 30 tangu barua itumwe kama tarehe hiyo iko mbele zaidi. Peleka picha za nyufa, paa linalovuja, na bei za nyumba za jirani zilizouzwa karibuni. Bili ya mwaka inatakiwa iwe imelipwa ifikapo 31 Januari. Ukichelewa adhabu na riba vinaanza kutembea 1 Februari.

Kosa jingine ni kudhani kodi inafuata mahali unapolala. Mshahara unatozwa kwanza na jimbo unapofanyia kazi. Anayeishi Vancouver katika jimbo la Washington na kuvuka daraja kila asubuhi kwenda kazini Portland, analipa kodi ya mapato ya Oregon kama mfanyakazi mgeni. Faida yake inabaki kwenye ununuzi: Oregon haina kodi ya mauzo. Vivyo hivyo wa New Hampshire anayefanya kazi Boston analipa Massachusetts asilimia 5.

Ukihama katikati ya mwaka, jimbo la zamani linadai sehemu yake hadi siku uliyoondoka, na unalijazia ritani, yaani fomu ya mwaka ya kutangaza mapato na kodi, ya mkazi wa nusu mwaka. Badilisha anwani kwenye ofisi ya mishahara wiki ya kwanza, si mwezi wa tatu. Januari mwajiri akikupa fomu ya W-2, taarifa ya mshahara na makato ya mwaka, tazama kisanduku 15, 16 na 17, ambavyo ni vya jimbo. Kama mwaka mzima ulikuwa Texas, kwa kawaida vitatu hivyo vitupu. Ukikuta jina la jimbo ulilohama mwaka uliotangulia, mwajiri ameendelea kukata kwa anwani ya zamani. Fedha hazijapotea, ila utazidai kwa ritani ya asiye mkazi wa jimbo hilo.

Wazazi wa hapa wenye watoto vyuoni huko wanauliza sana kuhusu viza ya F-1. Texas inampunguzia mwanafunzi ritani moja, ya jimbo. Ya shirikisho iko palepale. Fomu 8843 anajaza hata kama hakupata senti. Akifanya kazi ya chuoni anajaza 1040-NR, ritani ya wasio wakazi, si 1040 ya kawaida. Hana haki ya ule msamaha wa dola 14,600 wa wakazi, na programu za bure za kujazia ritani kwa kawaida hazijui hilo. Zinampa marejesho makubwa, anafurahi, kisha anaandikiwa barua ya kuyarudisha. Kwa upande mwingine, miaka mitano ya kalenda ya mwanzo hatakiwi kukatwa Social Security wala Medicare. Akiona makato hayo kwenye hati yake, aanze kwa mwajiri, kwa maandishi.

Na anayetuma fedha nyumbani: tangu 1 Januari 2026 serikali ya shirikisho inatoza asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje kwa noti taslimu, hawala ya fedha au hundi ya benki. Ukitoa kwenye akaunti ya benki au kadi iliyotolewa Marekani, hutozwi. Kukaa Texas hakubadilishi hili.

Ghuba kuna nchi nzima zisizotoza mshahara, na wapo wa kwetu Oman na Dubai wanaojua ladha yake. Ila Oman imeshapitisha sheria: kuanzia Januari 2028, asilimia 5 kwa mapato yanayozidi rial 42,000 kwa mwaka. Mfanyakazi wa kawaida haguswi, lakini mlango umefunguliwa.

Nani basi anafaidika Texas? Kwa maoni yangu, mwenye mshahara mkubwa na matumizi madogo. Kodi ya mauzo inamshika zaidi anayekula mshahara wote, na huyo mara nyingi ni wa kipato cha chini. Wa dola 30,000 anayehamia Houston kwa sababu ya kodi tu amekosea hesabu. Ahamie kwa sababu ya kazi au ndugu.

Limebaki kundi ambalo Dodoma linakua: vijana waliomaliza UDOM, wako Ilazo au Nkuhungu na kompyuta mpakato, wanaandikia programu kampuni ya Austin au Dallas. Wengi wanaamini kuwa kwa kuwa kampuni iko Texas, hawadaiwi popote. Nusu ni kweli. Kazi iliyofanyiwa Tanzania na asiye raia wala mkazi wa Marekani haitozwi na Marekani. Unaijazia kampuni fomu ya W-8BEN, inayothibitisha kuwa wewe si mtu wa Marekani, na jambo linaisha upande huo. Usijaze W-9, maana hiyo inathibitisha kuwa wewe ni mtu wa Marekani. Lakini mkazi wa Tanzania anatozwa kwa mapato yake ya dunia nzima. Una makazi hapa na umekuwepo mwaka huo, au umekaa siku 183, wewe ni mkazi. Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili, na hapa hauhitajiki, kwa kuwa mtozaji ni mmoja: TRA.

Hauko kwenye PAYE, kwa hiyo unajikadiria mwenyewe. Jedwali la utaratibu maalumu wa wafanyabiashara wadogo haliwahusu watoa huduma za kitaalamu, usiende kaunta ukalitegemea. Toa gharama za kazi: bando, pango la ofisi, umeme wa sehemu ya kazi. Kompyuta haiondolewi yote mara moja, inashuka asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kila gharama iwe na risiti ya EFD yenye TIN yako. Ya kuandikwa kwa mkono itakataliwa. Faida ikibaki milioni 30 kwa mwaka, milioni 12 za kwanza zinazaa kodi ya 1,536,000, na milioni 18 za juu, kwa asilimia 30, zinazaa 5,400,000. Jumla 6,936,000, awamu nne za 1,734,000: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ritani ya mwisho ni 30 Juni ya mwaka unaofuata. Dola zinapoingia, andika kiwango cha kubadilishia cha siku hiyo kwenye daftari papo hapo. Kukitafuta Machi kwa miamala ya mwaka mzima ndiko kunakowafanya watu wakadirie kwa macho, na makadirio ya macho huwa hayalingani na taarifa ya benki.